Ufundi wa Kufunga Mjadala

Mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao walitoka Uajemi karne nyingi zilizopita. Akiwa bado mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India. Alirudi Unguja akiwa kijana, na yalipotokea Mapinduzi ya 1964 familia ikakimbilia Uingereza, ikakaa Feltham, pembezoni mwa London. Mengine dunia inayajua. Sasa ukitakiwa kumtambulisha kwa neno moja tu, utasema ni mtu wa wapi?

Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiingereza walivutana juu ya swali hilo kwa miaka. Mmoja aliandika kwamba ni Mwajemi, mwingine akafuta na kuweka Mhindi. Akaja wa tatu na Mparsi, na wa nne akasema Mwingereza, basi, maana Zanzibar yenyewe wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza. Hakuna aliyekuwa mwongo kati yao. Kila mmoja alishika kipande cha kweli na kudai ndicho chote.

Tazama jinsi makala ilivyokuja kutulia. Inamwita Mwingereza, kwa kuwa uraia na kazi yake ya muziki vilikuwa huko. Kisha, badala ya kuendelea kumbandika majina, inasimulia: alizaliwa Zanzibar kwa wazazi Waparsi wa India, akasoma India, akarudi, familia ikayakimbia mapinduzi. Hakuna neno linalohukumu damu ya mtu. Swali la "yeye ni nani" limewekwa kando, na mahali pake pamejibiwa swali la "nini kilitokea, wapi, lini". Mzanzibari akisoma anaikuta Zanzibar yake, na Mparsi anawakuta watu wake. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma naona kazi ya mikono mingi iliyochoka kugombana ikaamua kuandika vizuri.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Wengi wanadhani ugomvi wa wahariri humalizwa na mkubwa fulani anayetoa amri. Mkubwa huyo hayupo. Wikipedia ilianza Januari 2001, na tangu hapo haina mhariri mkuu wala mtu anayelipwa kuamua kipi kiandikwe katika makala. Kila badiliko linabaki kwenye historia ya ukurasa pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya, na mtu yeyote anaweza kulitengua kwa kubofya mara moja au mbili. Urahisi huo ndio unaozaa vita: wewe unatengua langu, mimi natengua utenguzi wako, kunakucha tunatenguana. Kwa ajili hiyo, tangu 2004 Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kwamba anayetengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa asihariri kabisa kwa muda. Wakabidhi, yaani wahariri waliokabidhiwa funguo na wenzao, wanaweza pia kuufunga ukurasa. Mkabidhi mwenye adabu ya kazi haufungi kwenye toleo analolipenda yeye. Anaufunga jinsi alivyoukuta, na upande mmoja lazima utanung'unika.

Kufuli huzuia mikono tu. Hoja zinahamia kwenye ukurasa wa Majadiliano ulio nyuma ya kila makala, na huko ndiko ufundi wenyewe unakoonekana.

Ukurasa huo una desturi ndogondogo ambazo mpita njia hazioni. Kila ujumbe unamalizika kwa alama nne za kiwimbi, ~~~~, na mtambo unazigeuza kuwa jina, saa na tarehe, ili kila mtu asimame na maneno yake. Kila jibu linaanza kwa nukta pacha, moja zaidi ya jibu lililo juu yake, hivyo maandishi husogea kulia kadiri mabishano yanavyonoga, hadi inabaki safu nyembamba ya maneno mawili matatu, na hapo mmoja anaurudisha mstari pembeni ili watu wapumue. Desturi ninayoipenda kuliko zote ni ya mtu aliyebadili mawazo. Hafuti alichosema. Anakipiga mstari katikati, kiendelee kusomeka, halafu chini yake anaandika msimamo wake mpya na kutia saini. Sababu ni ya haki kabisa: wenzake walikwisha kumjibu, na akiyafuta maneno yake wao wataonekana wanabishana na hewa. Kwa hiyo anakubali kila atakayepita aone alivyofikiri zamani na anavyofikiri sasa.

Mzee wa baraza anayesuluhisha majirani ana vya kumsaidia. Anawaona nyuso, anajua baba zao, na mambo yakichacha anaagiza kahawa watu wapoe. Msuluhishi wa huku ana herufi tu. Hajui kama anayemjibu ni profesa aliyestaafu au mwanafunzi wa sekondari, wala kama ukali wa sentensi ni hasira au ni Kiingereza cha kujifunza ukubwani. Ndiyo maana sharti la kwanza wanalokumbushana ni kumdhania mwenzako mema mpaka matendo yake yathibitishe vingine. Nimeshawasikia watu wakiliita sharti hilo upole wa kupita kiasi. Siafikiani nao. Pasipo nyuso, dhana njema ndiyo kitu pekee kinachowezesha mazungumzo kuvuka siku ya pili.

Wagomvi wakiwa wawili tu, wanaweza kuomba mtu wa tatu asome na kutoa maoni yake, na mara nyingi hilo linatosha. Wakiwa wengi, au suala likiwa zito, wanaita jamii nzima ije itoe maoni. Tangazo huwekwa, baadhi ya wahariri waliojiandikisha kupokea mialiko ya namna hiyo huitwa, na kwa kawaida mjadala hukaa wazi kama siku 30. Fundi mzuri huanza kazi yake hapa, kabla hata ya mtu kusema neno, kwenye kulitunga swali. Kanuni inataka liwe fupi na lisiegemee upande. Jaribu mwenyewe uone kazi yake. Ukiuliza "Je, tuendelee kuficha asili ya mwanamuziki huyu?" umeshagomba kabla ya kuuliza. Ukiuliza "Je, sentensi ya kwanza itaje asili ya wazazi, au itajwe kwenye sehemu ya maisha ya utotoni?" ghafla watu wenye misimamo mikali wanajikuta wanajadili mahali pa kuweka maneno, jambo ambalo binadamu wanaweza kukubaliana.

Kisha anakuja mfungaji wa mjadala. Huyu ni mhariri ambaye hakushiriki mjadala ule na hana maslahi nao. Anasoma kila kitu, na kwenye masuala makubwa hilo ni sawa na kusoma kitabu kizima cha watu wakikatizana. Hahesabu mikono. Watu ishirini walioandika "naunga mkono" bila sababu wanaweza kuwa wepesi kuliko watano walioleta vitabu na kurasa, kwa sababu Wikipedia haidai kuamua ukweli. Inadai kueleza vyanzo vya kuaminika vinasema nini, na vikipingana, kueleza vinavyopingana kwa kadiri ya uzito wa kila upande. Mfungaji anapima hoja kwa mizani hiyo. Na hapa ndipo mkono wake unapojaribiwa, kwa sababu baada ya kusoma yote lazima naye atakuwa na maoni, na haruhusiwi kuyatumia. Akifunga kwa jibu ambalo hakuna mshiriki aliyelitetea, uamuzi wake utapingwa na unaweza kubatilishwa.

Ninavyowapima wafungaji ni hivi: aliyeshindwa akisoma maelezo ya kufunga, je, anaikuta hoja yake imeelezwa vizuri kama alivyoieleza yeye, au vizuri zaidi? Mfungaji dhaifu anaandika mstari mmoja, "hakuna makubaliano", anaondoka. Hodari anaandika aya nne tano. Anasema kipi kilikubaliwa na kwa nini, kipi hakikukubaliwa, na kipi hakikuulizwa ingawa wengi walikijibu. Anatia saini, halafu anabaki kujibu maswali ya waliokasirika. Halipwi hata senti.

Ugomvi uliowafundisha wengi ni ule wa mji ulio pwani ya Bahari ya Baltiki, unaoitwa Gdańsk na Wapolandi na Danzig na Wajerumani. Shirika la kivita la Teutoni liliuteka mwaka 1308. Kuanzia 1466 ulikuwa chini ya taji la Poland, ingawa wakazi wake wengi walizungumza Kijerumani. Prussia iliuchukua 1793, ukawa mji huru kati ya vita viwili vya dunia, na 1945 ukarudi Poland. Makala mamia zinautaja, na katika kila moja wahariri walikuwa wakibadilishana jina hilo huku na huku. Mwanzoni mwa 2005 jamii ilipiga kura, jambo ambalo kwa kawaida inalikwepa. Kilichoiokoa kura ile ni namna swali lilivyokatwa. Hawakuuliza mji ni wa nani. Waliigawa historia kwa vipindi na kuuliza kila kipindi peke yake. Matokeo: Danzig kati ya 1308 na 1945, Gdańsk kabla na baada ya hapo, na mji unapotajwa mara ya kwanza, jina la pili liwekwe kwenye mabano. Waliochukia matokeo walikuwepo. Lakini walipata kanuni ambayo mtu angeweza kuonyeshwa, badala ya kubishana upya katika kila ukurasa.

Migogoro midogo kama ya tahajia ya mtindi kwa Kiingereza, ile herufi moja ya "h" iliyojadiliwa kwa takriban miaka minane hadi 2011, naipita. Kuna mgogoro mkubwa zaidi.

Sentensi ya utangulizi ya makala ya Jerusalem ilikuwa imeshindikana. Suala lilifika kwenye Kamati ya Usuluhishi, chombo kilichoanza kazi 2004, ambacho wajumbe wake huchaguliwa na wahariri wenzao. Ndicho kilicho juu kabisa, na bado kina mpaka wa ajabu: kinahukumu mwenendo wa watu, hakihukumu yaliyomo katika makala. Kinaweza kumfukuza mgomvi. Hakiwezi kuamua mji mkuu wa nani uko wapi. Kwa hiyo kamati haikuandika sentensi. Iliagiza jamii ifanye mjadala wenye utaratibu na wafungaji walioteuliwa, na matokeo yasiguswe kwa miaka mitatu. Mwaka 2013 wakaipata sentensi. Kwa maneno yangu, ilisema hivi: Waisraeli na Wapalestina wote wanaudai mji huo kuwa mji mkuu wao, Israel ina taasisi zake kuu za serikali humo, na Dola la Palestina linautazamia kuwa makao yake ya baadaye, lakini madai ya upande wowote hayatambuliwi kwa mapana na mataifa. Angalia ilivyopangwa. Dai la kila upande limetajwa pamoja na msingi wake, na mwishoni limekuja jambo ambalo kila upande ungependa lisemwe juu ya mwenzake tu. Nalisema bila kusita: wanadiplomasia wanaolipwa vizuri wameandika matamko mabovu kuliko sentensi hiyo.

Gharama ya utaratibu huu ipo. Mjadala wa siku 30 unampendelea mwenye muda, na wenye muda, umeme wa uhakika na intaneti ya bei nafuu si wengi upande wetu wa dunia. Wapo wanaoshinda kwa kuwachosha wenzao. Wapo mafundi wazuri walioondoka kwa sababu walitukanwa mara moja zaidi ya walivyoweza kuvumilia. Kanuni nzuri hazijaweza kulizuia hilo.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Ina kitufe kilekile cha Majadiliano juu ya makala, na bado makala nyingi hazijawahi kupata hata mstari mmoja huko. Mtu asidhani huo ni utulivu. Tuna mengi ya kuvutana kwa heshima: mipaka ya historia ya miji ya pwani, mashujaa wanaodaiwa na makabila mawili, Kiswahili cha Nairobi na cha Dar es Salaam na cha Lubumbashi katika ukurasa mmoja. Kwa hiyo fungua makala ya mji wako. Ukikuta sentensi usiyoikubali, usiifute ukaondoka. Ingia kwenye Majadiliano, taja kitabu na ukurasa, tia alama nne za kiwimbi, na umpe aliyeiandika siku kadhaa za kukujibu.