Pete Huanza Kufa Kwenye Kucha

Mnunuzi wa pete ya almasi akifika kwa sonara huinamia jiwe. Mjuzi huigeuza pete akaitazama chini, maana mara nyingi kinachochoka mapema ni kucha, yaani vijino vya chuma vilivyolishika jiwe.

Almasi yenyewe ina ugumu wa 10 katika kipimo cha Mohs, na hukwaruzwa na almasi mwenzake tu. Ndiyo sababu pete na hereni za almasi hazichanganywi kwenye kijaluba kimoja. Lakini ugumu si uimara. Pigo baya la pembeni linaweza kuimega. Ukingo wa jiwe ukiwa mwembamba kama wembe, liache, hata likimeta kuliko yote dukani.

Tuje kwenye chuma. Dhahabu nyeupe haichimbwi ikiwa nyeupe. Ni dhahabu ya kawaida iliyochanganywa na nikeli au paladiamu, pamoja na madini mengine, ili umanjano ufifie. Mhuri wa 750 maana yake asilimia 75 ni dhahabu, yaani karati 18. 585 ni karati 14. Sehemu iliyobaki mhuri hauitaji, basi iulizie. Nikeli huipa pete ukakamavu, ila huwasha ngozi za baadhi ya watu. Paladiamu ni ghali, rangi yake ya kijivu imetulia, na haiwashi ovyo. Mimi ningelipia paladiamu.

Ule weupe wa kioo unaouona dukani kwa kawaida ni rodiamu, upako usiofika hata maikroni 1. Pete ya kuvaliwa kila siku huanza kuupoteza baada ya mwaka mmoja au miwili, hasa upande wa kiganja, na umanjano ukachungulia. Huo si ulaghai. Ulaghai ni kufichwa. Ulizia mapema bei ya kupaka upya.

Sasa kucha. Omba lenzi ya kukuza mara 10. Kila ukucha uwe umelilalia jiwe bila mwanya, na mahali ulipokatwa ili jiwe likae pasiwe pameliwa mno. Pitisha uzi wa pamba juu yake: ukinasa, ukucha umeinuka. Itikise pete karibu na sikio. Jiwe lililolegea hulia. Kucha sita ni salama kuliko nne, kwa kuwa mmoja ukivunjika tano bado zinashika. Kwa mtu wa kazi za mikono, jiwe lililozungushiwa ukuta mzima lina usalama zaidi, japo mwanga wake hupungua kidogo.

Adui mkubwa wa kucha zenye nikeli ni klorini. Jiki na maji ya bwawa la kuogelea huzipasua, zikakatika siku moja bila kuonya.

Chuma kingine cha kushika jiwe ni platini. Masonara wa Cartier walipoiweka almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Tanzania, iliyochimbuliwa 1947, kwenye bruchi ya Malkia Elizabeth mwaka 1953, walitumia chuma hicho. Platini ikikwaruzwa husukumika zaidi kuliko kulika. Ukishindwa bei yake, chukua dhahabu nyeupe na uipeleke kwa sonara kila mwaka. Ukucha uliolika hujengwa upya kwa fedha kidogo kuliko kununua jiwe jingine.