Jina Juu ya Kitabu

Mwanafunzi wa Machakos akifungua Waraka wa Yuda, aya ya 14, atakuta Henoko akitajwa na maneno yake yakinukuliwa. Akiyatafuta maneno hayo katika Biblia yake, iwe ile ya vitabu 66 ya Waprotestanti au ile ya 73 ya Wakatoliki, hatayaona kwingineko. Yamo katika Kitabu cha Henoko, ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hukihesabu miongoni mwa vitabu vitakatifu, na ambacho kimehifadhiwa kizima katika lugha ya Kigeezi peke yake. Krapf, aliyefasiri Injili ya Marko kwa Kikamba ikapigwa chapa mwaka 1850, alikaa Uhabeshi kabla ya kufika pwani yetu, na huko alikusanya miswada ya Kigeezi. Kwa hiyo habari hii si ya mbali nasi kama idhaniwavyo.

Lakini kutunzwa kwa kitabu ni jambo moja, na kuandikwa kwake na yule atajwaye juu yake ni jambo jingine. Tutazame kimoja, maandiko ya Wakristo wa kale yaitwayo Waraka wa Mitume. Mwaka 1895 Carl Schmidt alipata Cairo mswada wake wa Kikopti, uliopotelewa na kurasa. Kitabu kizima kilipatikana katika Kigeezi, kikachapishwa mwaka 1913. Wasemaji wake ni mitume kumi na mmoja, nao husema “sisi”. Petro atia kidole katika alama za misumari, Tomaso ubavuni, na Andrea aambiwa atazame kama miguu ya Bwana yagusa ardhi. Ni masimulizi mazuri. Msomaji hujiona yumo chumbani.

Sasa soma orodha ya majina yao. Petro yumo, na mwishoni yumo Kefa, kana kwamba ni mtu mwingine! Injili ya Yohana, 1:42, yaeleza wazi kwamba Kefa ndiye Petro. Kwetu mzee mmoja huitwa Yohana kanisani na Mutisya nyumbani. Mgeni akiandika habari za baraza na kuwahesabu Yohana na Mutisya kuwa wazee wawili, twajua papo hapo kwamba hakuwapo barazani.

Ushahidi wa pili ni hesabu ya miaka. Mitume wamwuliza Bwana atarudi lini. Katika Kikopti jibu lina 120. Katika Kigeezi lina 150. Yaelekea mnakili aliona muda ule umekwisha pita, akausogeza mbele. Kwa sababu kama hizi wataalamu hukiweka kitabu hiki katika karne ya pili, mitume walipokuwa wamekwisha kufa.

Je, mwandishi wake alikuwa mwongo tu? Mimi sioni hivyo. Tertullianus wa Karthago alisimulia juu ya kasisi mmoja wa Asia aliyetunga habari za Paulo. Alipoulizwa, alikiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo, naye akaacha kazi yake. Mwandishi wa Waraka wa Mitume naye alikuwa na sababu yake. Awataja Kerintho na Simoni kuwa maadui, na siku zile walikuwapo watu waliofundisha kwamba Yesu hakuwa na mwili wa kweli. Kidole cha Petro kimewekwa pale kwa ajili yao. Hivyo kitabu hiki ni shahidi dhaifu wa chumba kile cha mitume, bali ni shahidi mwema wa mabishano ya Wakristo wa karne ya pili, na kwa jambo hilo hatuna mashahidi wengi.

Mizani hii haipimi vitabu vya nje peke yake. Waraka wa Pili wa Petro umo katika Biblia zote tulizozitaja, na wataalamu wengi waupima vivyo hivyo: lugha yake, na jinsi usemavyo juu ya nyaraka za Paulo kana kwamba zimekwisha kusanywa. Wengi wao husema hakuuandika Petro, wengine hukataa. Mwanafunzi na auweke kando ya Waraka wa Kwanza, avisome vyote viwili kwa siku moja.