Bawaba Yenye Vipande Mia Nane

Katika Barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, ambayo wafanyabiashara wameizoea kwa jina la mtaa wa kompyuta, mnunuzi aliyetoka Kariakoo au Mombasa huanza na bei, halafu prosesa, halafu memori. Bawaba haiulizii. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutazamwa kwanza katika kompyuta mpakato nyembamba za bei ya juu, zile zinazokunjwa nyuma mpaka zikawa tableti, kwa sababu hapo ndipo ustadi wa waliozibuni unapoonekana waziwazi.

Fikiria inachotakiwa kufanya. Lazima izunguke, na papo hapo ikatae kuzunguka. Mtu aifungue kwa kidole kimoja na sehemu ya chini isinyanyuke mezani. Kisha kioo kisimame palepale kilipoachwa, hata kidole kinapokigusa na kukisukuma. Kinachokishikilia ni msuguano: mhimili wa chuma uliobanwa kwa vipande vya chuma, na mbano huo unatakiwa ubaki vilevile baada ya kufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara. Ukilegea, kioo hutikisika kwa kila mguso. Ukizidi, fremu huanza kupasuka kwenye pembe. Na ili kioo kizunguke nyuzi 360, mhimili mmoja hautoshi. Mara nyingi hutumika miwili iliyo sambamba, kila mmoja ukibeba nyuzi 180. Nyaya za kioo nazo hupita humohumo, zikikunjwa na kukunjuliwa bila kukatika.

Lenovo ilileta sokoni Yoga yake ya kwanza mwaka 2012, wakati wa Windows 8. Miaka miwili baadaye ikaja Yoga 3 Pro, na bawaba yake ningeweza kuitazama mchana kutwa: imeungwa mfano wa mkanda wa saa ya chuma, upana mzima wa kompyuta, kwa vipande zaidi ya 800 vya chuma na alumini. Kompyuta yenyewe ilikuwa na unene wa milimita 12.8 na uzito wa kilo 1.19. Huwezi kuishika mkononi usistaajabie mikono na akili zilizokubaliana kupanga vipande vyote hivyo vikatembea kwa pamoja.

Lakini wembamba una gharama, na hapa hesabu yake iko wazi. Yoga 2 Pro iliyoitangulia ilikuwa na unene wa milimita 15.5, betri ya wati-saa 54, na prosesa iliyobuniwa kwa wati 15. Yoga 3 Pro ilipewa betri ya wati-saa 44 na prosesa ya wati 4.5. Milimita 2.7 zilizopunguzwa zilitoka kwenye betri na kwenye nafasi ya kupoza joto. Ikawa nyembamba zaidi, na kwenye kazi nzito ikawa nyuma ya ile ya zamani. Siwalaumu waliounda bawaba ile, wao walitimiza yao. Aliyeamua kwamba wembamba utangulie ndiye anayepaswa kutoa maelezo.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni ThinkPad Yoga ya 2013. Kioo kinapogeuzwa nyuma, kibodi hubaki chini kwenye viganja vya mtumiaji, na vidole hubonyeza vitufe ovyo. Wabunifu wake wakaifanya fremu inayozunguka vitufe ipande kadiri kioo kinavyozunguka, mpaka ikalingana navyo, na vitufe vikajifunga. Hakuna cha kubonyeza wala swichi ya kukumbuka. Mashine ile haikuwa nyembamba kupita zote, ila kila unene ilioubeba ulikuwa na kazi.

Dubai yenyewe ni mtihani wa mashine hizi. Julai na Agosti joto la nje hupita nyuzi 40, ilhali watengenezaji wengi huandika nyuzi 35 kuwa mwisho wa mazingira ya kufanyia kazi. Ndani ya duka lenye kiyoyozi huoni tofauti. Acer Spin 7 ya mwaka 2016, yenye unene wa milimita 10.98, haikuwa na feni kabisa: kimya kizuri mno, lakini joto lote linatoka kupitia bati la mwili wake, na prosesa inapopata moto hujipunguzia kasi. Betri za lithiamu nazo huzeeka upesi zikiishi kwenye joto, na hilo linawahusu pia watu wa Dar es Salaam na Mombasa.

Kisha kuna fundi. Katika nyingi ya mashine hizi memori imelehemiwa kwenye ubao, hivyo haiongezeki. Kioo cha juu kimegandishwa na skrini, kikipasuka hubadilishwa vyote pamoja. Fundi huinua mfuniko taratibu kwa kipande cha plastiki, klipu moja baada ya nyingine, na kupanga skrubu kwa urefu wake, maana skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa ubao.

Kwa hiyo, unayekwenda kununua, ifungue kwa kidole kimoja. Gusa pembe ya juu ya kioo uone kinatikisika kiasi gani. Izungushe mpaka mwisho na usikilize kama bawaba inalia. Uliza kama memori imelehemiwa, na ikiwa ndivyo, chukua ile kubwa kuliko zote unayoimudu. Na ikiwa kazi yako ni kuhariri video kutwa, chagua iliyo nene zaidi.