"Usile" si "usinywe": Kiswahili kinachokosekana kwenye kliniki ya kisukari

Hapa Buruburu watu hawasemi kwamba fulani anaugua kisukari. Husema "ako na sukari". Jirani yangu, mama wa rika langu, ako na sukari kwa miaka kadhaa sasa. Mapema mwaka huu afisa wa kliniki, kijana mpole na mwerevu, alimwambia: "Shosho, kesho ukuje kupimwa asubuhi bila kula." Mama alifuata agizo. Hakula. Alikunywa chai tu, tena ya maziwa, vikombe viwili.

Msomaji ameshaona mambo yalipokorogeka. Kwetu kula ni kula na kunywa ni kunywa. Ndiyo maana tunamuuliza mgeni iwapo atakula au atakunywa chai tu. Kiingereza alichosomea yule kijana kina neno moja linalozuia vyote viwili. Tunalo "kufunga", ila ukilitamka mtu anawaza Ramadhani au maombi ya kanisani.

Kipimo kilitoka juu, naye akaongezewa vidonge vya aina ile inayohimiza kongosho kutoa insulini zaidi. Siku chache baadaye nilibishiwa hodi usiku. Mama alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayashikani. Bintiye alikoroga sukari katika maji. Mama akakaza meno: "Daktari alisema nisiguse sukari!" Tulimbembeleza kwa dakika kadhaa, na katika hali ile dakika ni nyingi mno. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mgonjwa anahitaji takriban gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akicheleweshwa anaweza kuzimia, hata kufa. Mama alikunywa hatimaye.

Baada ya kisa hicho niliusoma mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya kisukari, toleo la pili, uliochapishwa na Wizara ya Afya mwaka 2018. La kwanza lilitoka 2010. Kuhusu utabibu sina la kuukosoa, na unasisitiza kwamba mgonjwa aelimishwe. Lakini umeandikwa kwa Kiingereza, lugha hiyo hiyo wanayofunzwa nayo wahudumu katika KMTC na vyuo vikuu vyetu. Elimu ya mgonjwa inaachiwa kila mhudumu aitafsiri mwenyewe, papo hapo, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Basi huyu atasema "acha sukari", yule "punguza wanga", wa tatu "kula vizuri". Hebu tuyapime maagizo haya. Kula vizuri, kwa watu wa mtaa wetu, ni nyama choma na chapati. Wanga nao, ukimtajia mtu wa Pwani, huenda akakuuliza kama ni wale wanaotembea usiku. Ama "acha sukari", hilo linaitwika bakuli la sukari lawama yote, huku mlima wa ugali ukibaki sahanini. Jirani yangu aliacha sukari akahamia asali. Nimemwambia asali nayo ni sukari. Hanisadiki, ati mimi ni daktari wa vitabu.

Wahudumu wasilaumiwe peke yao. Sisi wasomi wa Kiswahili tumechangia. Istilahi hazikosekani: TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba tangu 2003. Tumekesha makongamanoni tukibishana kuhusu nomino, ilhali kliniki inaendeshwa kwa vitenzi: kula, kunywa, meza, ruka, punguza, rudi. Hakuna kamusi itakayomwonyesha afisa wa kliniki kwamba "usile" haijamzuia mtu kunywa chai.

Ninachodai ni kitu kidogo. Toleo lijalo la mwongozo liwe na kiambatisho cha sentensi za Kiswahili zilizotungwa na matabibu pamoja na wanaisimu, zikajaribiwa kwa wagonjwa wenyewe: mgonjwa aambiwe, kisha aombwe arudie kwa maneno yake. Atakachorudia ndicho alichosikia. Sentensi hizo zifundishwe vyuoni na zitahiniwe kama dozi zinavyotahiniwa. Kwa mfano: "Kuanzia saa nne usiku usile wala usinywe chochote ila maji matupu, mpaka utolewe damu." Au: "Ukianza kutetemeka na kutokwa jasho, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari mara moja, hata kama tulikukataza sukari." Wapo watakaosema kwamba Buruburu ingeelewa zaidi kwa Sheng. Nayo ijaribiwe.