Mbingu Isiyo na Anwani

Msiba ukitokea hapa kambini, kidole cha mhubiri kinaelekea juu: marehemu yuko kule. Na siku hizi hakosi kijana pembeni, amesoma fizikia kidogo, anayenong'ona: kule wapi? Dunia ni duara na inazunguka. Juu ya saa sita mchana siyo juu ya saa sita usiku. Juu yetu sisi wa Nyarugusu ni chini ya miguu ya mtu aliye katikati ya bahari ya Pasifiki. Wazee wanamkemea, ati anakufuru. Yeye anacheka kichini-chini.

Ndugu msomaji, ugomvi huu si wa mchezo. Tunazika hapa tangu 1996. Kaburi liko upande huu wa ziwa Tanganyika, nyumba iliachwa upande ule. Mtu ambaye hata kaburi la baba yake hajui kama ataliona tena ana haki ya kuuliza mbingu iko wapi. Kumwambia nyamaza siyo jibu.

Basi nimechukua kitabu cha zamani nione kama kinatusaidia: Paradiso ya Dante Alighieri, sehemu ya tatu ya kazi yake kubwa, nyimbo 33. Nimeisoma kwa Kifaransa, polepole, mwezi mzima. Nimemchagua Dante kwa sababu mbili. Kwanza, aliichora mbingu kwa kutumia sayansi ya wakati wake, siyo kwa kubahatisha. Pili, alikuwa mkimbizi kama sisi. Wapinzani wake wa siasa walishika mji wake wa Firenze, na mwaka 1302 wakamhukumu: akirudi, achomwe moto. Hakurudi tena. Alifia Ravenna mwaka 1321, na mifupa yake iko huko mpaka leo.

Ramani yake ni hii. Dunia iko katikati, imetulia. Kuizunguka kuna mbingu tisa, moja ndani ya nyingine kama maganda ya kitunguu: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali, kisha nyota, kisha mbingu inayozisukuma zote. Nje ya hizo kuna nuru tupu, na Mungu.

Ramani hiyo imekufa. Mwaka 1543 Copernicus aliliweka Jua katikati. Mwaka 1610 Galileo alitangaza kwamba kwa darubini ameona milima Mwezini na miezi minne ikiizunguka Mshtarii. Maganda ya kitunguu yakapasuka. Leo tunajua mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado unachukua dakika 8 kutoka kwenye Jua, zaidi ya miaka 4 kutoka nyota ya jirani kabisa, na miaka kama milioni 2.5 kutoka Andromeda, ambayo ni galaksi jirani tu.

Kuna wahubiri wanaosema mbingu iko nyuma ya wingu la Orioni. Sawa, tupige hesabu. Wingu hilo liko umbali wa miaka ya mwanga kama 1,300. Maana yake marehemu wetu wa 1996, hata akienda kwa kasi ya mwanga, bado yuko njiani na atakuwa njiani karne 13. Kweli hiyo ndiyo faraja tunayompa mjane?

Wengine wamejifunza maneno mapya: mbingu iko katika ulimwengu mwingine sambamba na huu, ama katika kipimo cha tano. Wanafizikia wanazijadili dhana hizo kwa hesabu, lakini hakuna aliyepima chochote huko. Mimi naona ni kuhamisha hema tu. Sayansi ikifika Mwezini, mbingu inahamia nyotani. Ikifika nyotani, inahamia kwenye kipimo ambacho hakionekani. Sisi tunajua maisha ya kuhamishwa-hamishwa yalivyo. Tusimfanyie Mungu hivyo.

Hapa ndipo Dante alinishangaza. Katika wimbo wa 4, Beatrice, anayemwongoza, anamwambia wazi kwamba roho hazikai kwenye sayari hizo. Zote ziko pamoja kwa Mungu. Zinaonyeshwa huko kwa sababu akili ya binadamu huanza kuelewa kwa macho na masikio. Na mbele zaidi anaambiwa kwamba ile mbingu ya tisa haina mahali pengine ila ndani ya akili ya Mungu. Yaani karne tatu kabla ya darubini ya Galileo, mshairi alishakubali kuwa ramani yake ni msaada wa kuelewa, siyo anwani. Ndiyo maana ramani ilikufa na shairi likabaki.

Na hakuogopa majaribio. Katika wimbo wa 2 wanabishana kwa nini Mwezi una madoa. Beatrice anampa jaribio la vioo vitatu na taa: weka viwili umbali sawa, kimoja mbali zaidi, uangalie mwanga unaorudi. Wako mbinguni, na bado wanapima! Kijana wetu wa fizikia angeketi nao vizuri.

Lakini sitamsifu tu. Kuna mahali kitabu hiki kilinikasirisha. Katika mbingu ya chini kabisa, ile ya Mwezi, Dante anamkuta Piccarda. Alikuwa mtawa. Wanaume walimtoa kwa nguvu katika nyumba ya watawa na kumlazimisha maisha mengine. Sasa anaonekana katika daraja la mwisho, kwa sababu nadhiri yake haikutimia. Dante anauliza swali letu: ukatili wa mwingine unapunguzaje stahili yangu? Beatrice anajibu kwamba nia kamili ingerudi ilikotolewa mara ilipopata nafasi, na anamtaja shahidi Laurenti aliyevumilia kuchomwa.

Hapana. Jibu hilo mimi silipokei. Katika kambi hii kuna akina mama na akina dada waliotendewa kwa mtutu wa bunduki mambo ambayo sitayaandika. Mbingu inayowapanga nyuma kwa sababu hawakuchagua kufa siyo mbingu ya haki. Na Dante mwenyewe, aliyetishiwa moto, hakurudi Firenze ili achomwe. Alikaa mbali, na alifanya vizuri. Kwa nini anamdai Piccarda kile ambacho yeye hakukitoa? Piccarda anasema ameridhika, hatamani daraja la juu. Namheshimu, ila maneno yale kayaandika mwanamume.

Hata hivyo, shairi hilohilo halitaki tusahau. Katika wimbo wa 17, akiwa Mirihi, babu wa babu yake anamtabiria ukimbizi: mkate wa wengine utakuwa na chumvi, na ngazi za nyumba za wengine zitamchosha. Ndani ya mbingu, watu wanazungumzia mgao na makazi ya kuazima! Na katika wimbo wa 27 mtume Petro anawaka kwa hasira juu ya viongozi wa kanisa walioharibu kiti chake. Ni mbingu ambayo dhuluma ya duniani bado inajulikana kwa jina.

Kwa hiyo kwa mhubiri nasema: shusha kidole. Usimpe mjane umbali. Mwambie marehemu wake anajulikana, na aliyemuua pia anajulikana. Na wewe kijana wa fizikia, umeshinda kuhusu ramani, lakini darubini haikuahidi kutuambia kama waliouawa watatendewa haki. Swali hilo bado liko mezani, na mjane analiuliza kuliko la umbali.

Mkikipata kitabu hiki, msianze mwanzo, mtachoka. Anzeni na wimbo wa 3, kwa Piccarda, kisha wa 4. Halafu tukutane tubishane, maana najua akina mama watakuwa na la kusema.