Volti Zinazopotelea Njiani: Uchunguzi wa Saketi ya Stata katika Land Rover Series III

Saketi ya stata hubeba mkondo mkubwa wa umeme kuliko saketi nyingine yoyote ndani ya gari, na ukubwa huo ndio unaofanya hitilafu zake zijifiche mbele ya vipimo vilivyozoeleka. Taa moja kubwa ya mbele hutumia takriban ampea 5, ilhali stata ya injini ya petroli ya wastani huweza kuvuta ampea 150 hadi 200 inapoizungusha injini, na ile ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, volti zinazopotea katika waya au kiungio ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani, yaani kiwango ambacho njia hiyo huzuia umeme kupita. Kwa hiyo kutu yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ambayo haipunguzi mwanga wa taa hata kidogo, huinyang'anya stata volti 2 pale ampea 200 zinapopita. Maltimita ya kawaida haiwezi kuuonyesha ukinzani mdogo kiasi hicho, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa zaidi, na fundi aliyeugusa waya kwa taa ya majaribio akaona inawaka amethibitisha tu kwamba waya haujakatika. Kipimo kinachofaa ni kile kinachochukuliwa wakati mkondo wenyewe unapita.

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, hasa yenye injini ya petroli ya lita 2.25, inafaa sana kwa somo hili, kwa kuwa njia yake ya umeme ni fupi na sehemu zake zote zinafikika kwa mkono. Kutoka ncha chanya ya betri, waya mnene huenda kwenye solenoidi, ambayo ni swichi nzito inayofungwa kwa nguvu ya sumaku, na hapo waya mwingine mnene huendelea hadi kwenye stata. Umeme hurudi kupitia mwili wa stata, bloku ya injini, mkanda wa shaba iliyosukwa unaounganisha injini na chesisi, na hatimaye waya wa ncha hasi ya betri. Njia hii ya kurudia ndiyo mafundi huiita ethi. Mkanda huo ni wa lazima kwa sababu injini hukaa juu ya mipira inayoitenga na chesisi kiumeme. Sehemu kubwa ya bodi ni aloi ya alumini ilhali chesisi ni chuma, na metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, moja huliwa, jambo ambalo mwenye gari la aina hii aishiye karibu na bahari anapaswa kulitazamia.

Dalili husaidia kupunguza eneo la kutafuta, ijapokuwa hazitoshi kutoa hukumu. Ikiwa taa za mbele zimewashwa na zikabaki na mwanga uleule ufunguo unapozungushwa, mkondo mkubwa haujaanza kupita, na hitilafu huenda iko kwenye swichi ya ufunguo, waya wake mwembamba, solenoidi, au brashi za stata zilizolika. Taa zikizimika ghafla, kuna kiungio kibovu sana au betri iliyoisha. Mlio wa haraka wa solenoidi, tak-tak-tak, una maelezo yake: sumaku huvuta na kufunga swichi, stata hudai mkondo, volti za betri dhaifu huporomoka, sumaku hukosa nguvu na kuachia, volti hupanda tena, na mzunguko huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde. Kubadilisha solenoidi kwa sababu ya mlio huo peke yake ni kuadhibu kifaa kinachofanya kazi yake.

Uchunguzi huanzia kwenye betri yenyewe. Ikiwa imetulia na imejaa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na ikisoma karibu na 12.2 imebakiwa na nusu tu ya chaji, kwa hiyo inapaswa kuchajiwa kabla ya hatua nyingine yoyote. Baada ya hapo gia huwekwa huru, breki ya mkono huvutwa, na waya mwembamba wa koili huchomolewa ili injini izunguke bila kuwaka. Stata ikizungusha, betri nzima haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi; ikishuka zaidi, ama betri ni dhaifu, ama stata inavuta kupita kiasi, ama injini yenyewe ni nzito, na hili la mwisho huhakikishwa kwa kuizungusha injini kwa hendeli.

Kiini cha kazi kinafuata hapo: kupima mshuko wa volti, yaani volti zinazopotea kati ya mwanzo na mwisho wa kipande cha njia. Kwa upande chanya, ncha moja ya maltimita huwekwa juu ya risasi, yaani ncha ya betri yenyewe, wala si juu ya kibano chake, na nyingine huwekwa kwenye boliti ya stata. Kwa upande hasi, ncha huwekwa kwenye mwili wa stata na kwenye risasi ya hasi. Vipimo vyote husomwa stata ikizunguka, kwa vipindi visivyozidi sekunde 10, vikifuatwa na mapumziko ili stata isiungue. Upande chanya haupaswi kupoteza zaidi ya volti 0.5, na upande hasi usizidi 0.3.

Tuseme betri inasoma volti 10.6 wakati stata inazunguka kwa uzito, huku stata ikipokea 8.2 pekee. Volti 2.4 zimepotea njiani, na kipimo kinaonyesha kwamba 0.4 ziko upande chanya na 2.0 upande hasi. Upande hasi ukigawanywa vipande, risasi hadi kibano inasoma 0.05, waya hadi chesisi 0.15, na kutoka chesisi hadi bloku ya injini 1.8. Hakuna tena nafasi ya kubahatisha: mkanda wa shaba, au mahali ulipofungwa, ndio mkosaji, na ikiwa mkondo ni ampea 150, hapo panateketea wati 270 za joto tupu. Mkanda ukikatika kabisa, umeme hutafuta njia nyingine na huweza kurudi kupitia kebo ya choki, ambayo hupata moto na kutoa moshi. Mwenye gari aliyeiona dalili hiyo asiguse ufunguo tena kabla ya kukagua ethi. Tiba ni kufungua kiungio, kukwangua kutu na rangi hadi metali ing'ae, kukaza, kisha kupaka grisi juu yake.

Waya mwembamba wa ufunguo, mweupe wenye mstari mwekundu, hupimwa kwa njia hiyohiyo, kwa sababu swichi kongwe huweza kupoteza volti za kutosha kuinyima solenoidi nguvu ya kuvuta. Stata ikizunguka kwa kasi bila kushika injini, kasoro si ya umeme: bendiksi, yaani gia ndogo inayorushwa mbele kushika meno ya flaiwili, imegandishwa na vumbi na mafuta, nayo husafishwa ikaachwa kavu.

Mkanda mbovu wa ethi una madhara mengine yanayowagharimu wenye magari fedha nyingi bila wao kujua. Alteneta imefungwa kwenye injini, kwa hiyo mkondo wake wa kuchaji hupitia mkanda uleule, na kila volti inayopotea hapo huipunguzia betri chaji. Betri mpya ikiwekwa katika gari la namna hiyo itazungusha stata vizuri kwa muda, kisha itadhoofika na kulaumiwa kama ile iliyotangulia. Kwa sababu hiyo ukarabati haujakamilika mpaka injini iwashwe, volti zisomwe kwenye risasi za betri, ambapo zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4, na kipimo kati ya mwili wa alteneta na risasi ya hasi kiwe chini ya volti 0.2 taa kubwa zikiwa zimewashwa.