Kilwa ya Chittick: mawe mengi, watu wachache
Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili ambazo mpaka leo huwezi kuzikwepa. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, sarafu: vyote vimo. Tatizo langu lipo kwenye mizani. Mji ukikua tu, yeye anatazama baharini kumtafuta mgeni aliyeukuza. Mbona tabaka zake za chini zina nyumba za miti na udongo? Ibn Battuta, aliyefika 1331, naye alisifu mji wa miti. Hata Roma ilianza na vibanda. Sisi tuliokulia nyumba za udongo huku Lindi tusikubali kwamba mji ulianza siku mawe yalipopangwa. Msome Chittick, ila usiziruke zile kurasa za udongo.